Salgaa na Mnada wa Maneno

Kuna majina ya mahali ambayo mfanyabiashara akiyanunua hununua na msiba wake. Salgaa ni mojawapo. Kituo hiki cha malori kiko magharibi mwa mji wa Nakuru, kwenye barabara kuu inayopanda kwenda Mau Summit, Eldoret na hatimaye Malaba. Jioni matrela hujipanga kando ya lami, na nyuma yake kuna biashara za kila namna: lojingi, bucha, mikahawa ya ugali na matumbo, wauza spea, mafundi wa breki na wa pancha, na wenye magari makubwa ya kuvuta malori yaliyokwama, yale ambayo kila Mkenya huyaita brekidauni. Wote wanamwinda mteja mmoja, dereva apitaye, aliyetoka Mombasa au Kampala au Kigali na asiyemjua mtu hapa. Mkenya mwingine akisikia Salgaa hafikirii kitanda wala chakula. Hufikiria ajali.

Ana sababu. Kutoka Mau Summit barabara inateremka kupitia Sachangwan na Migaa, na kwa miaka mingi madereva wa malori walizoea kuweka gia huru kwenye mteremko ili kuokoa dizeli. Breki zikishapata moto, mzigo wa trela hauna tena wa kuuzuia. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan. Watu walikusanyika kuteka petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Alfajiri ya 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa na kuua watu 36. Ndivyo jina la Salgaa lilivyoingia kwenye vichwa vya habari, na likiingia huko huingia pia kwenye simu za watu, kwa kuwa siku hizi habari mbaya huthibitishwa kwa kuiandika kwenye kisanduku cha Google.

Hapo ndipo lilipo tatizo la mwenye biashara anayetaka kutangaza. Akilipia neno Salgaa, tangazo lake la vyumba safi na maji ya moto laweza kutokea mbele ya mtu anayetafuta orodha ya waliokufa. Akibana mno, halitokei mbele ya mtu yeyote. Katikati ya hayo mawili kuna uamuzi mdogo ambao watu wa matangazo wamegombana na kampuni ya Google juu yake kwa zaidi ya miaka 20: neno ulilolinunua lilinganishwe kwa ukali gani na lile aliloliandika mtafutaji? Uamuzi huo una historia, na mimi naisoma kama historia ya mamlaka. Mwanzoni mwenye tangazo ndiye aliyesema neno lake lina maana gani. Leo mtambo ndio unaosema.

Kabla ya mitambo palikuwa na kitabu cha simu. Enzi za Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililovunjwa mwaka 1999 na kuzaa Telkom Kenya na Shirika la Posta, mfanyabiashara wa Nakuru aliyetaka kuonekana alilipia nafasi kwenye kurasa za manjano. Alichagua kichwa cha orodha, hoteli au vipuri vya magari, na jina lake likakaa chini yake mwaka mzima. Kichwa hakikunyooshwa wala kukunjwa. Aliyefungua ukurasa wa vipuri alitaka vipuri. Salgaa kwenyewe kulitegemewa kibao cha barabarani, kilichochorwa kwa rangi ya mafuta na kuelekezwa upande ambao dereva anatokea. Wenye vibao walijua jambo ambalo mitambo ilichelewa sana kulijua, kwamba lori linaloshuka kutoka Eldoret na lori linalopanda kutoka Nakuru hayana shida moja. Linaloshuka linatafuta breki, linalopanda linatafuta maji ya rejeta.

Mnada wa maneno ulianzia California. Februari 1998 Bill Gross, mwanzilishi wa Idealab ya Pasadena, alisimama mbele ya mkutano wa TED na kueleza tovuti yake mpya, GoTo.com. Kwake, nafasi kwenye matokeo ya utafutaji ingeuzwa kwa anayelipa zaidi, naye angelipa pale tu mtu anapobofya. Wengi walikunja uso. Kutafuta kulionekana kama maktaba, na maktaba haiuzi rafu zake. Lakini GoTo haikuficha kitu. Kando ya kila tokeo iliandika kiasi ambacho mwenye tangazo angelipa ukibofya, senti kwa senti. Sijaona tena uwazi wa namna hiyo katika biashara hii.

Kwenye GoTo ulinunua neno kama anunuavyo mtu kiwanja chenye hati. Ukinunua "maua" umepata "maua". Hata hivyo ukucha wa mtambo ulikuwa umeshaingia. Kampuni hiyo, iliyojiita Overture mwaka 2001, ilikuwa na programu ya kuunganisha umoja na wingi wa neno moja, pamoja na makosa ya tahajia yaliyozoeleka, ili mteja asilazimike kununua kila sura ya neno. Baadaye ikagawa ulinganishaji mara mbili, wa kawaida na wa mbali zaidi. Yahoo iliinunua Overture mwaka 2003 kwa takriban dola bilioni 1.6, nayo ikarithi kesi ya hataza dhidi ya Google iliyokuwa imefunguliwa Aprili 2002. Kesi hiyo ilimalizwa Agosti 2004, Google ikiipa Yahoo hisa milioni 2.7.

Google ilikuwa imeingia sokoni tarehe 23 Oktoba 2000 na kitu ilichokiita AdWords, chenye wateja 350. Toleo la kwanza lilitoza kwa idadi ya mara tangazo lilipoonekana. Februari 2002 likaja toleo la mnada wa kulipia mbofyo, na ndani yake wazo lililoiweka Google mbele ya wengine wote. Nafasi ya tangazo haikupangwa kwa fedha peke yake. Ilizidishwa na jinsi watu wanavyolibofya. Maana yake ni kwamba tangazo likitokea pasipofaa linaumia hata kama hakuna aliyebofya. Linaonekana, linapuuzwa, na mtambo unaliandikia alama mbaya. Lojingi ya Salgaa inayotokea kila mara mtu anapotafuta habari za ajali haipotezi shilingi siku hiyo, lakini kesho itatozwa zaidi ili ikae mahali palepale.

Katika miaka hiyo ndipo zilipokomaa aina za ulinganishaji ambazo watu wa kazi hiyo hata leo huzitaja, ingawa kilichomo ndani yake kimebadilika. Tumchukue mfanyabiashara wa kubuni mwenye brekidauni Salgaa, na tumpe neno moja la Kiingereza, kwa sababu hivyo ndivyo Mkenya anavyolitafuta gari hilo: breakdown salgaa. Akiliandika hivyo hivyo, bila alama yoyote, amechagua mlingano mpana. Awali mlingano mpana ulitaka maneno yote mawili yawepo katika alichoandika mtafutaji, kwa mpangilio wowote na hata yakichanganywa na mengine. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Google iliuruhusu uvute pia visawe na maneno jamaa. Akilitia ndani ya alama za kunukuu, amechagua mlingano wa kifungu. Wakati huo maneno yalilazimika kufuatana hivyo, lakini mtafutaji aliweza kuongeza kitu mbele au nyuma. Akilifunga kwa mabano ya mraba, amechagua mlingano kamili, ambao wakati huo ulimaanisha hilo na si lingine, hata herufi moja isizidi. Kisha kuna maneno ya kuzuia, yanayoandikwa kwa alama ya kutoa, ambayo kazi yake ni kulifukuza tangazo.

Mpana usipochungwa humletea mtu wetu balaa. Salgaa na breakdown kwa mtambo ni jamaa wa ajali, ajali ni jamaa wa habari za leo, na breakdown yenyewe kwa Kiingereza ni pia kuchanganyikiwa akili. Shilingi zake zinaweza kwenda kwa mwanafunzi wa Eldoret anayesoma kuhusu msongo wa mawazo. Kamili nao, miaka hiyo, ulimbana kooni. Wakenya huandika kama wanavyosikia, na masikioni mwetu break (kuvunjika) na brake (breki) hutamkwa sawa, hasa mahali ambapo kila gari lililokwama lilikwama kwa sababu ya breki. Kwa hiyo pamoja na breakdown salgaa alipaswa kununua break down salgaa, brake down salgaa, breakdown salga, na kila moja tena yenye neno truck na yenye neno track, kwa kuwa lori pia huandikwa hivyo.

Kiswahili kiliongeza kazi. Kiingereza hubadilisha umoja kuwa wingi mwishoni mwa neno, mara nyingi kwa herufi moja. Sisi tunabadilisha mwanzoni: chumba na vyumba, gurudumu na magurudumu, lori na malori. Katika mlingano kamili wa wakati huo, chumba Salgaa na vyumba Salgaa vilikuwa bidhaa mbili, na aliyenunua kimoja hakuwa na haki kwa kingine. Watu wa mashirika ya matangazo walikuwa wakikaa na lahajedwali zenye maelfu ya mistari ya namna hii, na kazi hiyo, inayochosha macho, ndiyo iliyowapa mamlaka. Orodha ilikuwa yao.

Lakini hapa historia ya dunia na ya Salgaa zinaachana kwa muda, maana wakati Wamarekani wanagombania mabano, sisi hatukuwa na intaneti ya kutosha hata ya kugombania. Google ilifungua ofisi Nairobi mwaka 2007, ikiongozwa na Joe Mucheru, ambaye baadaye akawa waziri wa teknolojia ya habari. Mwaka huohuo, Machi, M-Pesa ilizinduliwa. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, TEAMS na SEACOM, na kabla ya hapo nchi nzima ilikuwa ikitegemea setilaiti kwa bei ya kuumiza. Simu janja ya bei ya chini, Ideos ya Huawei, iliingia madukani mwaka 2011 kwa takriban shilingi 8,000. Dereva wa trela aliyeanza kutafuta lojingi kwa simu, na si kwa kumuuliza tanboi wa lori la mbele, ni mtu wa muongo wa 2010.

Na alipofika, mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wenye lojingi haukuwa ule wa mabano. Mwaka 2011 Google ilizindua AdWords Express, kwa ajili ya biashara ndogo zisizo na mtaalamu. Mwenye duka aliandika ni biashara gani, iko wapi, anataka kutumia kiasi gani. Mtambo ukachagua maneno wenyewe. Hakukuwa na mpana, kifungu wala kamili. Mwaka 2018 huduma hiyo ikageuzwa kuwa kampeni zinazoitwa za kijanja, na ndizo ambazo mtu aliyefungua akaunti mpya alielekezwa kwanza. Hili naliona kubwa kuliko yote. Mabishano ya miaka 20 juu ya ulinganishaji yalikuwa mabishano ya mashirika makubwa na wataalamu wao. Mfanyabiashara mdogo wa Bonde la Ufa alikuta uamuzi umeshafanywa kwa niaba yake. Kwa muda mrefu alihitaji pia kadi ya benki ili alipie, na kizingiti hicho kilipungua Juni 2022 tu, Safaricom na Visa walipoanzisha M-Pesa GlobalPay, kadi ya mtandaoni inayolishwa na salio la M-Pesa.

Turudi kwa mabano, kwa sababu yaliendelea kulegezwa hata kwa waliokuwa nayo. Mwaka 2010 ilikuja zawadi iliyopendwa na wataalamu wote, mpana wenye alama ya kujumlisha. Ukiandika +breakdown +salgaa, mtambo uliruhusiwa kuchezea mpangilio na tahajia, lakini maneno hayo mawili au sura zake za karibu lazima yawepo. Kwa mtu wa brekidauni hii ndiyo ilikuwa suluhu halisi. Ilikamata brake down, ilikamata "nataka breakdown haraka niko Salgaa", na haikumpeleka kwa daktari wa akili. Ajali zilibaki, na hizo alizizuia kwa maneno ya kuzuia.

Septemba 2014 Google iliwaondolea watangazaji hiari juu ya sura za karibu. Hadi hapo uliweza kuchagua kama mlingano kamili ukubali umoja, wingi na makosa ya tahajia. Sasa ulikubali upende usipende. Wengi walinung'unika kidogo na kuzoea, na kusema kweli kwa waandishi wa brake down ilikuwa nafuu. Machi 2017 mlingano kamili uliruhusiwa kupuuza viunganishi na kubadili mpangilio wa maneno. Google iliahidi kuwa haitabadili mpangilio pale unapobadili maana, na mfano wake ulikuwa wa safari za ndege kati ya viwanja viwili, ambapo kwenda na kurudi si kitu kimoja. Mfano mzuri. Swali ni kama ulinzi huo unafika kwenye mteremko wa Migaa, ambapo "lori Eldoret Nakuru" na "lori Nakuru Eldoret" ni wateja wawili, na mmoja tu kati yao ndiye anayehitaji fundi wa breki.

Julai 2018 jina la AdWords lilizikwa, ikawa Google Ads. Miezi miwili baadaye likaja badiliko lililovunja neno "kamili" lenyewe. Tangu hapo mlingano kamili ungekubali pia utafutaji wenye maana ileile au nia ileile, hata kama hauna hata neno moja ulilolinunua. Mfano wa Google ulitoka kwenye hifadhi ya Yosemite, huko California. Aliyenunua maneno ya kupiga kambi Yosemite angeonekana kwa anayetafuta viwanja vya kambi huko, lakini si kwa anayetafuta hoteli, kwa kuwa nia ni tofauti. Nimeufikiria mfano huo mara nyingi nikiwa na Salgaa akilini. Madereva wengi wa masafa marefu hulala ndani ya kabini, pamoja na mzigo. Wanachotafuta jioni ni maegesho yenye mlinzi na taa, choo, na mahali pa kuoga. Anayetafuta lojingi ni abiria, mfanyabiashara aliyechelewa, au dereva mwenye ruhusa ya tajiri wake. Tofauti ya kambi na hoteli ya Yosemite mtambo uliijua, kwa sababu mamilioni ya watu walikwisha kuifundisha kwa kubofya. Tofauti ya maegesho na lojingi ya Salgaa inafundishwa na nani, na kwa mibofyo mingapi?

Julai 2019 nia ileile ilipelekwa kwenye mlingano wa kifungu na ule wa alama ya kujumlisha. Februari 2021 Google ikatangaza kuwa alama ya kujumlisha inafutwa na kumezwa na kifungu, na kufikia Julai mwaka huo hukuweza tena kuiunda. Mahali pa maneno pakachukuliwa na ubashiri. Mtambo unasoma alichoandika mtafutaji, mahali alipo, alichotafuta awali, ukurasa wa mwenye tangazo, kisha unakisia kama atanunua. Utetezi wa kampuni una uzito. Google husema kwa miaka sasa kwamba takriban asilimia 15 ya yanayotafutwa kila siku hayajawahi kutafutwa kabla. Hakuna lahajedwali linaloweza kuorodhesha lisilokuwepo. Dereva aliyekwama usiku na kuandika sentensi nzima kwa Kiswahili, Kiganda na Kiingereza pamoja hawezi kukamatwa na mabano ya mtu yeyote. Mpana wa kisasa huenda ukamkamata.

Lakini kuna mambo mawili ambayo mji mdogo huyahisi kuliko mji mkubwa. La kwanza ni alama ambayo mtambo huliwekea neno lenye watafutaji wachache mno: neno hilo hulazwa, halishiriki mnada hadi watu waongezeke. Mwenye brekidauni aliyebana maneno yake vizuri, kwa jina la Salgaa na kwa huduma moja, ndiye hasa anayeangukia hapo. Mlingano kamili kwa mahali padogo huwa mlango uliofungwa, na mtambo humsukuma kwenye mpana, si kwa kumlazimisha bali kwa kutomwachia kingine. La pili lilikuja Septemba 2020, Google ilipoacha kuonyesha kwenye ripoti maneno ambayo hayakutafutwa na watu wengi wa kutosha, kwa sababu ya faragha. Nairobi hilo lilipunguza ripoti. Salgaa, ambako kila kinachotafutwa ni cha watu wachache, linaweza kuficha sehemu kubwa ya ripoti. Unalipia mibofyo, na hujui waliobofya waliandika nini.

Jina la Rongai ni mfano ninaoupenda kwa sababu hauna msiba. Salgaa iko katika Rongai ya Nakuru, mji wa reli ya zamani na mashamba ya mahindi. Rongai nyingine, Ongata Rongai ya Kajiado, ni mji wa wapangaji na wanafunzi kandokando ya Nairobi, na ndiyo watu wengi wanayoimaanisha wanaposema Rongai bila kuongeza neno. Mwenye vyumba wa hapa akinunua "vyumba Rongai" kwa mpana, anaweza kujikuta analipia wanafunzi wanaotafuta keja kandokando ya Nairobi, mwendo wa miguu tu kutoka stendi ya basi. Kuweka mpaka wa eneo hakusaidii kama inavyoonekana, kwa kuwa chaguo la kawaida la mfumo hulipeleka tangazo kwa walio katika eneo hilo pamoja na wale wanaoonyesha kuvutiwa nalo, na mtambo unaweza kudhani kuwa aliyetaja Rongai anavutiwa na Rongai yako. Lazima uende kwenye mipangilio, utafute mstari uliofichwa chini, na uchague waliopo tu.

Zana iliyobaki mikononi mwa mwenye tangazo ni maneno ya kuzuia. Hayo hayakufuata njia ya mengine. Wakati maneno ya kununua yalipokuwa yakipanuka kutoka neno hadi nia, ya kuzuia yalibaki magumu. Ukizuia ajali hujazuia accident, ukizuia accident hujazuia accidents. Kosa la tahajia pekee ndilo lililoingizwa, na hilo lilikuja 2024. Ajabu yake ni kwamba kampuni inayosema mtambo wake unaelewa nia ya mtu anaponunua, haiuruhusu uelewe nia ya mtu anapokataa. Wala si jambo la kushangaza sana ukikumbuka kila mbofyo unamlipa nani.

Wanasheria wa serikali ya Marekani walilikumbuka. Katika kesi ya ukiritimba iliyoanza kusikizwa Washington Septemba 2023, watangazaji walieleza mahakamani jinsi mlingano kamili ulivyoacha kuwa kamili bila wao kupewa njia ya kujitoa. Tarehe 5 Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kuwa Google imedumisha kinyume cha sheria ukiritimba katika utafutaji na katika matangazo ya maandishi yanayoambatana nao, na katika uamuzi wake alizungumzia jinsi watangazaji walivyopoteza udhibiti juu ya minada wanayoingizwa. Serikali iliomba, miongoni mwa mengine, kwamba kampuni ilazimishwe kurudisha mlingano kamili wa kweli.

Jaji alitoa hukumu ya hatua za kurekebisha tarehe 2 Septemba 2025. Google iliagizwa kutangaza hadharani mabadiliko makubwa inayoyafanya kwenye minada yake. Kurudisha mlingano kamili hakukuagizwa, wala kuwapa watangazaji maelezo ya kina zaidi ya kila kilichotafutwa. Kwa hiyo mwenye brekidauni wetu, kama ana akaunti ya kitaalamu na si ile ya kijanja, amebaki na orodha yake ya kuzuia, nayo ataiandika mwenyewe kwa lugha mbili na kwa umoja na wingi: ajali, accident, accidents, nervous, mental, Ongata, Kajiado, na kila jina jipya la kona linaloingia kwenye habari.